Faustina Kikoti na Makasha ya Wafadhili

Faustina Sedekia Kikoti alibatizwa tarehe 9 Aprili 1961 katika usharika wa Kilutheri wa Igowole, Mufindi, akiwa na wiki sita. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Sedekia na Lusia Kikoti.

Alisoma Igowole, kisha Iringa mjini, na mwaka 1983 alihitimu uuguzi Mbeya. Alipangiwa zahanati hapa Chimala, akakutana na mkulima wa mpunga, Jailos Mwakalinga. Walifunga ndoa Desemba 1986.

Kuanzia mwaka 2006 alisimamia kazi ya kuwatembelea majumbani wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa fedha za wafadhili wa nje. Siku moja wafadhili walikuja kuchukua makasha yao yaliyoleta dawa, wakayakuta yamejaa mchele.

“Sista, haturuhusiwi kupokea zawadi,” alisema kiongozi wao.

“Si zawadi, baba. Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Au ninyi si majirani?”

Walibeba. Mumewe alitamba kijiweni mwaka mzima kwamba mke wake anafadhili Ulaya.

Faustina alistaafu mwaka 2021, lakini wagonjwa hakuwaacha. Mapema mwaka 2025 ufadhili ulisitishwa, pikipiki za mradi zikachukuliwa, na baadhi ya wagonjwa wakaacha kufuata dawa. Wenzake walilalamika kwamba wametupwa. Yeye hakuwalaumu wafadhili. “Walitushika mkono miaka yote hii, tushukuru,” alisema. “Ila wale walikuwa wageni. Wagonjwa ni wa kwetu.” Akaanza kuwapitia kwa miguu, pamoja na bintiye Tumpe, naye muuguzi. Wengi walirudi kwenye dawa.

Agosti mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kizazi, akatibiwa Mbeya. Wiki ya mwisho aliomba kurudi nyumbani.

“Yule mama wa ng’ambo ya mto umemfikia?” alimuuliza Tumpe.

“Mama, pumzika kwanza.”

“Mimi nitapumzika. Wewe nenda.”

Tumpe alikwenda, akarudi na habari kwamba yule mama anameza dawa zake. Faustina alifariki alfajiri iliyofuata, Jumanne tarehe 13 Januari 2026.

Ameacha mume, watoto wawili, Tumpe na Fanueli, na wajukuu wanne. Bwana ampe pumziko alilolichelewesha kwa ajili ya wengine.

Jumatatu asubuhi Tumpe ataendelea na wagonjwa wa ng’ambo ya mto.