Jael Nekesa Barasa, Fundi Aliyeifufua Bunduki ya Wenzo

Mahindi yalikuwa yanavunwa hapa Kimilili tarehe 21 Agosti 1974, siku aliyozaliwa Jael, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Erasto Wanyama na Mama Roselyne Nanjala. Ndiyo maana akaitwa Nekesa. Mama husema binti huyo alianza kufungua vitu kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni lake. Akiwa darasa la tatu aliifungua saa ya ukutani ya baba yake, akachapwa, akaifunga tena huku akilia, na saa ikaenda vizuri kuliko mwanzo.

Alisoma shule ya msingi na ya upili hapa nyumbani, akafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1992. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo cha ufundi Kisumu kujifunza ukerezaji wa vyuma. Mwalimu alipomwona msichana mlangoni alidhani amepotea, akamwelekeza darasa la ushonaji. Jael alimshukuru, kisha akauliza mashine yake ya kukereza ni ipi. Alihitimu mwaka 1995.

Mwaka 1996 aliandikishwa katika jeshi la polisi, na baada ya mafunzo akapelekwa ghala la silaha Nairobi kama fundi wa bunduki. Huko alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2018 akiwa Sajini. Ni huko Nairobi pia alikokutana na Gilbert Barasa, mwalimu wa hesabu, aliyesikia kwamba kuna askari wa kike anayetengeneza redio wikendi. Gilbert alileta redio yake, ikapona. Wiki iliyofuata akairudisha, na nyingine tena. Mara ya tatu Jael aliiwasha, akaisikiliza, akamkabidhi.

"Redio hii haina ugonjwa, mwalimu," alimwambia. "Mgonjwa ni wewe."

Walifunga ndoa kanisani hapa Kimilili Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1999, na Mungu akawajalia watoto wawili, Valentine na Protus.

Wengi walidhani baada ya kustaafu angetulia shambani. Yeye Februari 2019 alipanda ndege kwenda Riyadh, kwa mkataba wa kutunza silaha katika klabu moja ya kulenga shabaha iliyokuwa na kitengo cha wanawake. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, Madam Munira, ndiye aliyekuwa mwenye klabu pamoja na kaka yake Fahd. Kila Ijumaa Jael alikwenda sokoni Batha, mtaa wa Riyadh, kununua unga na kukutana na rafiki yake Maryann, mzaliwa wa Kakamega aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani.

Baba yao Madam Munira, Mzee Sulaiman, alikuwa amezeeka na miguu imeanza kumwacha. Kila alipoketi na wanawe alirudia habari za ujana wake milimani karibu na Taif, na bunduki ya wenzo aliyoiuza kabla hawajazaliwa. Bunduki ya namna hiyo ina mkono wa chuma chini ya kifyatulio. Mpigaji akiushusha, ganda la risasi iliyopigwa hutoka. Akiupandisha, risasi nyingine huingia. Kiwanda kilikuwa kimeacha kuitoa zamani, na vipuri mafi, yaani hakuna, kama wasemavyo kule. Madam alitaka baba yake aishike tena kabla hajafumba macho.

Oktoba 2021 habari zikaja kwamba mjane mmoja wa Jeddah ana bunduki kama hiyo, aliyoiacha mumewe. Madam alimchukua Jael wakaenda. Mjane aliishi Balad, mji mkongwe wa Jeddah, katika nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, na walimkuta na mnunuzi mwingine, mwenye mkahawa, aliyetaka kuigongomea ukutani iwe pambo. Jael aliomba ruhusa, akaipakata. Wenzo ulikuwa umekwama, kitako kimepasuka, mtutu umevaa kutu kama koti. Lakini alipochungulia ndani ya mtutu aliona mifuo yake, ile mistari inayoizungusha risasi, bado ni mizima. Mjane alimwuliza hali ya bunduki.

"Inaumwa, mama," Jael alijibu kwa Kiarabu chake cha sokoni. "Lakini haijafa."

Mjane akasema halas, basi, mumewe hakuwa pambo na bunduki yake haitakuwa pambo. Akamuuzia Madam, na taratibu za leseni zikakamilishwa.

Waliporudi Riyadh, Fahd hakupendezwa. Alisema kazi kama hiyo ni ya mafundi wa Ulaya, na kwamba karakana ya klabu yenyewe haina faida, heri ifungwe. Ikama ya Jael, kibali chake cha kuishi nchini, ilikuwa inakaribia kuisha, naye alijua neno hilo linamhusu. Alimwendea Madam akamwomba muda hadi mashindano ya klabu ya Februari. Ikishindikana, alisema, atafunga mizigo mwenyewe.

Tatizo kubwa lilikuwa kiungo kidogo kinachounganisha wenzo na sehemu za ndani. Kilikuwa kimekatika, na hapakuwa na pa kukinunua. Jael alikichonga kipya kwa tupa, akakitia motoni akakizamisha kwenye mafuta kikaze kiwe kigumu, na siku ya kukijaribu kikapasuka. Ijumaa hiyo alikaa na Maryann mkahawani Batha bila kula. Maryann ndiye aliyekuwa akila, na kulalamika kwamba mpishi ameichoma chapati hadi imekauka. "Ikiwa ngumu hivi haikunjiki," alisema. "Inavunjika tu."

Jael alicheka hadi watu wakageuka. Kwamba chuma nacho kikiwa kigumu mno huvunjika alilijua tangu chuo cha Kisumu, ila haraka ilikuwa imemsahaulisha. Alirudi karakanani, akachukua chuma cha ekseli ya Land Cruiser iliyochakaa, akachonga kiungo upya. Safari hii baada ya kukikaza alikipasha moto tena taratibu, kipate ulaini wa kuvumilia. Wenzo ukashuka, ukapanda. Ufa wa kitako aliuziba kwa kipande cha mti wa jozi. Mtutu aliuchemsha kwenye birika refu la bati, akausugua, akauchemsha tena, siku baada ya siku, hadi ukapata weusi wenye kung'aa. Wasichana wa klabu walimwuliza kama ugali umeiva.

Februari 2022 Jael aliipiga bunduki hiyo mwenyewe kwanza, ahakikishe ni salama. Kisha, siku ya mashindano, Mzee Sulaiman akaletwa uwanjani, Madam akimshika upande mmoja na Fahd upande wa pili. Risasi ya kwanza ilikwenda mchangani. Ya pili ikagonga bamba la chuma, ya tatu ikagonga, ya nne ikagonga, na uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Madam aliinama akamwuliza kama inafanana na ile yake.

"Haifanani," mzee akasema. "Yangu ilikuwa ikikwama kwenye risasi ya tatu. Hii ni bora." Akamgeukia Jael. "Binti yangu, mkono wako ubarikiwe."

 Asubuhi iliyofuata Fahd alikuja karakanani amebeba bunduki yake mwenyewe iliyoharibika, akaomba itazamwe. Ikama ilifanywa upya, na mwezi Septemba Madam na Fahd walifungua karakana ya pili Jeddah, wakamfanya Jael mkuu wake. Alipanga chumba huko, mtaa wa Al-Hindawiyah, na kwa karibu miaka mitatu akawafundisha wanawake wa Kisaudia kazi ya tupa na moto. Wote wanaifanya hadi leo.

Machi 2025 alianza kusikia maumivu ya tumbo, na madaktari wakagundua saratani ya ini. Alirudi nyumbani Juni. Gilbert alimuuguza kwa mikono yake, na siku alizojisikia nafuu wawili hao walikaa barazani wakibishana kuhusu redio. Alilala katika Bwana Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, akiwa na miaka hamsini na mmoja, watoto wake wakiwa pembeni yake.

Ameacha mume wake, Mwalimu Gilbert Barasa; watoto, Valentine na Protus; mama mzazi, Roselyne Nanjala; ndugu zake Elijah, Mirriam na Lukas; na rafiki yake Maryann. Madam Munira, aliyesafiri kutoka Riyadh, yuko nasi hapa kaburini kwa niaba ya baba yake, ambaye angali hai na angali analenga.

Jael Nekesa, kazi umeimaliza vyema. Pumzika, Mungu akulaze mahali pema.