Shangazi Sabuni na Mashine ya Choo cha Wanawake

Mwisho wa mwezi huu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha mabasi kwa miaka thelathini na mmoja, msimamizi wa vyoo anakabidhi funguo na kustaafu. Kwenye karatasi za ofisi ana jina refu lenye heshima zake zote. Humu kituoni, kuanzia wapagazi hadi meneja, anajulikana kwa moja tu: Shangazi Sabuni.

Aliajiriwa akiwa mfagizi wa zamu ya asubuhi, enzi ambazo choo chetu kilikuwa na bomba moja lililokohoa zaidi ya kutoa maji. Jina lake alilipata kwa haki. Alikuwa akisimama mlangoni na kipande cha sabuni mkononi, na hapiti mtu mwenye mikono mikavu. Meneja mmoja mgeni alijaribu kupita kwa haraka zake. Akaitwa mbele ya abiria: "Cheo ni chako, baba, lakini kitasa ni cha wote." Meneja akarudi kunawa.

Wengine watamkumbuka kwa yule mzee aliyepiga chafya, meno yake ya bandia yakatumbukia kwenye sinki. Shangazi alifungua bomba la chini kwa spana, akayatoa, akayachemsha, akamkabidhi mwenyewe yakiwa yamefungwa kwenye leso safi kabla basi halijang'oa nanga. Mzee hakuweza kusema asante mpaka alipoyavaa.

Mzaha kando. Jambo ambalo Shangazi ametuachia ni lile kabati jeupe la chuma lililomo ndani ya choo cha wanawake. Unatia sarafu, unabonyeza kitufe, linakutolea kipimo cha ujauzito. Leo tumelizoea kama tulivyozoea kioo. Halikuja kirahisi.

Lilianza na karani mmoja wa tiketi, ambaye ameniruhusu nisimulie. Kituo chetu kina duka moja tu la dawa, pale langoni, na mwenye duka ni mjomba wake. Siku moja karani alimfuata Shangazi kwenye chumba cha ndoo na mafagio, akasimama akikunja na kukunjua kitambaa chake.

"Shangazi, nina jambo, lakini naona haya kulisema."

"Basi liseme ukiwa umegeukia ukuta."

Akageuka, akauambia ukuta. Shangazi hakuuliza lolote. Alivua aproni, akaenda langoni, akanunua kipimo kana kwamba ni chake, akarudi nacho chini ya mataulo.

Habari haihitaji tiketi ili isafiri. Hata adhuhuri haijafika, wapagazi walikuwa wakimnyang'anya ndoo: "Shangazi, usibebe kitu kizito!" Mama wa chai akakataa kumpa chai ya rangi, akamjazia maziwa. Shangazi alikuwa ameshavuka hamsini. Mumewe, fundi cherehani, alipewa hongera na wateja akiwa na pini mdomoni, nusura azimeze. Jioni akamwuliza mkewe, "Mbona habari ya mwanangu naletewa na mtu aliyekuja kupunguza suruali?" Mzee mwenyewe ametusimulia kwamba walicheka sana, wakacheka tena, mpaka kicheko cha mkewe kikageuka kilio. Kwa maana katika ndoa yao yote hawakujaliwa mtoto.

Angeweza kuyamaliza kwa neno moja, aseme kipimo kilikuwa cha fulani. Hakulisema. Alizipokea hongera, akazibeba kama alivyobeba ndoo, mpaka siku zikapita, tumbo halikuonekana, na watu wakaanza kuona aibu wao. Jibu la karani lilikuwa nini? Hilo ni la karani.

Ndipo Shangazi akapanda ofisini kuomba mashine. Meneja wa wakati huo alidhani anataka mashine ya soda. Alipoelezwa, akaita kikao. Palizuka maneno. Mmoja alisema tutawafundisha mabinti utundu. Mwingine alisema hiki ni kituo cha mabasi, si zahanati. Mwenye duka la dawa naye alikuwepo, amekunja uso.

Shangazi aliomba nafasi. Hakusimama, aliongea akiwa amekaa, mikono juu ya mapaja.

"Mnazungumza kana kwamba kipimo hiki hununuliwa na waliokosea tu," alisema. "Mimi ni mke wa mtu, na nimekinunua mara nyingi. Sikuwa naficha jambo, nilikuwa naomba jambo. Mtaani kwetu duka lilikuwa moja. Mwanzoni muuzaji alinitakia heri. Baadaye akawa ananionea huruma, ananifungia kipimo kabla sijafungua mdomo. Mwishowe nikaacha kwenda. Sikuacha kutumaini, jamani. Niliacha kutazamwa."

Aliongeza kwamba mwenye hofu na mwenye hamu wote wanahitaji kitu kimoja, nacho ni mlango wenye komeo.

Aliyefuata kusema ni mwenye duka la dawa. Alisema siku ile aliropoka kwa furaha, akidhani anaeneza habari njema, na kwamba tangu hapo hajapata usingizi mzuri. Kisha akasema, "Vipimo nitavileta mimi. Nitaijaza mashine kila ikiisha. Nani kanunua, sitaki kujua." Na tangu siku ile hajawahi kuuliza.

Mashine ikaletwa, na wiki za kwanza hakuna aliyeigusa. Sisi wa matengenezo tuliifungia karibu na sinki, mbele ya foleni, na kila ilipojaribiwa kisanduku kilianguka kwa kishindo kama sufuria jikoni. Vichwa vyote viligeuka. Meneja alitaka irudishwe. Shangazi alituambia tuihamishie nyuma ya ukuta wa ndani, halafu akaomba kwa mumewe kipande cha sponji, akakitandika pale kisanduku kinapodondokea. Kelele ikaisha. Kufikia mwezi uliofuata mashine ilikuwa inajazwa mara kwa mara, na vituo vingine vikatuma watu waje kuitazama. Ubavuni aliweka namba ya simu ya muuguzi wa zahanati iliyo karibu, kwa herufi kubwa, kwa sababu, alivyosema, mtu anayelia hasomi maandishi madogo.

Tangu hapo ameona mengi mle ndani, na hatujayasikia. Kuna siku alitoka na aproni iliyolowa begani, mahali ambapo mtu alikuwa ameegemeza uso. Tulimwuliza kama yalikuwa machozi ya heri au ya shari. Akatuambia twende tukafanye kazi.

Tulipochangishana kumnunulia zawadi ya kuagana, tulifikiria saa, tukafikiria seti ya vyombo. Yeye akaomba kiti. Si cha kwenda nacho nyumbani. Cha kubaki pale, ndani, karibu na mashine. "Mtu akishapata jibu," alisema, "liwe lolote, magoti hulegea. Na mimi sitakuwepo kumshika." Seremala wetu amekitengeneza kwa mbao nzito, chenye mahali pa kuegemea, na tayari kipo mahali pake.

Shangazi, ahsante kwa mikono yetu iliyo safi, na kwa siri zetu ulizozitunza hata zilipokuumiza wewe. Nenda kwa mzee wako, mnywe chai bila kuangalia saa. Tunakuombea afya, siku nyingi na nyepesi. Na ujue tu kwamba jana asubuhi kiti kilikuwa na mtu, amekaa kwa muda mrefu, na hakuna aliyemwuliza kitu.