Blandina Luhende, Aliyekata Kucha za Wazee

"Bibi, hivi hawa wazee wanakupa nini?"

Kabula aliuliza hivyo mwaka 2019, akiwa darasa la tatu, siku aliyomfuata bibi yake hadi kwa Mzee Mihayo na kumkuta Bibi amepiga magoti akimkata mzee huyo kucha za miguu. Bibi hakuinua kichwa. Alisema tu, "Sogeza beseni."

Bibi huyo ndiye tunayemzika leo. Blandina Luhende alizaliwa tarehe 3 Mei 1957 Mwandoya, wilayani Meatu, mtoto wa pili wa Mzee Luhende Masele na Mama Klementina. Alisoma shule ya msingi hapohapo, akamaliza darasa la saba mwaka 1973.

Msimu wa pamba alipima mizigo ya wakulima ghalani. Kazi ya mizani haina rafiki, maana kila mkulima anaamini pamba yake ilikuwa nzito zaidi ilipokuwa nyumbani. Hivyo Bibi alizoea jicho la pembeni tangu ujana.

Tarehe 17 Juni 1978 alifunga ndoa na Paschal Mashimba, wakahamia Lagangabilili, wakajaliwa watoto wanne. Babu aliugua kitandani muda mrefu, Bibi akimwogesha, hadi alipofariki mwaka 2016. Matanga yalipokwisha, Bibi akaanza kwenda kwa wazee walioishi peke yao. Aliwachotea maji, akawafulia, akawakata kucha.

Hapo maneno yakaanza. Kwanza viwanja, kwamba anawavizia wazee hao viwanja vyao. Tangu ofisi za wilaya zije, kila kipande cha ardhi kinatazamwa mara mbili. "Nani anafua shuka za mtu baki bure?" walisemezana kisimani. Kisha likaja zito zaidi. Bibi alikuwa haachi kipande cha ukucha nyuma. Alivifunga kwenye kitambaa, akaondoka navyo. Na huku kwetu kila mtu anajua ukucha wako ukiangukia mikono mibaya, umekwisha. Tena alishinda sana kwa Bibi Salu, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, na huku macho mekundu ya kizee huitwa ya mchawi. Wakamwita mwanafunzi wa Salu.

Mwaka 2020 mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Maige, alimwita mbele ya watu. Asipojieleza, ahame.

"Mwadila, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma. "Kucha za wazee unapeleka wapi?"

"Chooni."

"Choo cha nani?"

"Changu. Wenyewe ndio wananiambia nisiziache, wanawaogopa ninyi. Ukizitaka, Maige, nenda kazitafute."

Watu walicheka, hata mama mzazi wa Maige. Wiki iliyofuata mama huyo akatuma mtu: "Niitieni yule wa wembe." Habari ya kuhama haikusikika tena.

Maneno mengine, lakini, hayakuisha. Bibi Salu alipofariki mwaka 2022, kiwanja chake walikirithi wapwa zake wa Lamadi. Watu wakasema Bibi amekikosa kwa sababu wapwa wana dawa kali zaidi. Kabula naye alipekua mfuko wa Bibi, akakuta wembe, taulo, mafuta ya mgando na sabuni. Sabuni akainusa. Hata leo hapa wapo waliokuja kuona mfuko huo unakwenda kwa nani. Karibuni, chakula kipo.

Kisukari kiligundulika mwaka 2021. Mwaka huu kidonda kilitoka mguu wa kushoto, akakificha chini ya kanga, asimwonyeshe hata binti yake Jenipha. Alifariki tarehe 19 Agosti 2025 hospitalini Bariadi. Ameacha watoto Boniventura, Jenipha, Magese na Shida, wajukuu kumi na mmoja, na wazee waliokaa hapa mbele wakiwa na kucha fupi. Mungu ampumzishe mahali ambapo hakuna wa kumhoji.

Mwezi Julai, kidonda kilipozidi, Bibi alimwita Kabula, ambaye sasa yuko kidato cha pili na ndiye aliyeandika wasifu huu. Akakunjua kanga, akamnyooshea mguu, akampa wembe. Kabula alikata ukucha wa kwanza, kisha akauliza tena: wazee walikuwa wanampa nini?

"Mtu anaogopwa na kijiji kizima," Bibi alisema, "na yeye anakiogopa kijiji kizima. Halafu ananinyooshea mguu, mimi nimeshika wembe. Nitake kiwanja cha nini?"