Kumuaga Bwana Ngazi, Kutoka Ghorofa ya Tano

Mheshimiwa mgeni rasmi, afande wetu wa zimamoto. Ndugu Meneja wa jengo. Mama yetu, mke wa mstaafu. Ndugu wapangaji wa ghorofa zote nane. Wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa ila pua zimewaleta: nawasalimu nyote. Nawe ndugu yangu uliyeegemea mlango wa dharura, sogea hatua mbili, nitaendelea ukishasogea. Asante.

Nimeombwa niseme machache juu ya mkuu wa kikosi chetu cha usalama wa moto, anayestaafu leo baada ya miaka kumi na tisa. Najua mnaulizana kwa macho: jengo zima amekosekana mtu mwingine? Maana mimi, katibu muhtasi wa wakili wa ghorofa ya tano, ndiye niliyemwandikia mzee huyu barua nne za malalamiko, zote kwa heshima na taadhima, zote na nakala kwa meneja. Katika barua ya pili nilimwita kero. Katika ya nne nilimwita kero ya kudumu.

Sisi tunamwita Bwana Ngazi. Kengele ikilia, alisimama mbele ya lifti kajitanua na fulana yake ya njano, akipiga kelele, "Ngazi! Ngazi! Lifti hapana!" Alimwambia hivyo hata bosi wangu, ambaye kwa umbo lake, ndugu zangu, ngazi zenyewe zilikuwa zikimwonea huruma.

Na kazi ya kikosi chake ilikuwa nini hasa? Kila Jumatatu kujaribu kengele, tukiwa ndiyo kwanza tumeweka chai mezani. Kukagua kwamba milango ya dharura haina kufuli wala mzigo. Kuchungulia vyooni asibaki mtu. Kukagua mitungi myekundu ya kuzimia moto, ambayo wengi wenu mlidhani ni mapambo. Sisi ghorofa ya tano hatukuwa washamba kiasi hicho, tulijua ina kazi: tuliuteremsha wetu ukutani tukazuilia mlango usijifunge. Asubuhi anautundika, mchana tumeuteremsha. Mchezo huo ulidumu miaka miwili, na hakuna aliyechoka.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kuhesabu. Tukishateremka, tunapangwa kwenye maegesho, juani, kila ghorofa na orodha yake, mtu anaitwa jina na kuitika. Sasa hapa nitubu mbele yenu. Sisi watu wenye utu tuligundua dawa ya usumbufu huo: tulikuwa tunaitikiana. Muuguzi wa daktari wa meno, shoga yangu yule anayejificha nyuma ya ua la meza ya tatu, aliniitikia mimi mazoezi saba mfululizo. "Yupo!" anasema, tena kwa sauti yangu. Mimi niko wapi? Niko chooni juu, nimevua viatu, natafuna karanga, nangoja wendawazimu wapande kurudi.

Nani kati yenu hajawahi kumwitikia mwenzake? Msinyanyue mikono, afande yupo.

Basi siku moja, saa tano asubuhi, kengele ililia. Nikavua viatu. Kumbe ghorofa ya tatu, kwenye chuo cha ushonaji, mtu alikuwa amesahau pasi juu ya kitambaa, na moto umeshashika marobota. Moshi ukaanza kupanda ngazi kuu. Huko chini jina langu likaitwa, na shoga yangu, kwa mazoea na kwa mapenzi, akajibu, "Yupo!" Mwenye orodha akaweka alama. Ghorofa ya tano, kumi na saba, wote wapo.

Bwana Ngazi akaitazama orodha, akatutazama watu. Akauliza, "Mbona leo tena kimya?" Wakamwambia wote wapo, mzee. Akasema, "Yule mama hajawahi kukaa juani dakika mbili bila kunisema. Hapa sijasemwa, kama mazoezi yale yote aliyonitoroka. Hayupo."

Afande anatikisa kichwa, na ana haki. Kanuni inasema mkuu wa kikosi hapandi tena. Anawangoja zimamoto na kuwaambia nani amebaki. Zimamoto walikuwa bado njiani. Akalowesha kitambaa, akapanda kwa ngazi ya nyuma.

Akagonga mlango wa choo. "Mama, leo ni kweli."

Nikamjibu, "Hata juzi ulisema hivyo."

"Juzi nilisema ni zoezi. Fungua."

Nilifungua ili nimpe maneno yake, nikakutana na moshi. Sijui karanga zangu zilikwenda wapi. Tukashika ngazi ya nyuma, na kwenye kituo cha ghorofa ya nne tukakuta njia imezibwa na maboksi sita ya mafaili. Ya nani? Yangu. Alikuwa ameniandikia mara tatu niyaondoe, nami nikamjibu kwamba suala hilo linashughulikiwa. Alipanda kwa kuyaruka. Mimi, na sketi ile, singeweza. Akayasukuma moja moja huku akikohoa, na hakunisema hata neno moja. Aliniambia tu, "Shika reli." Mpaka leo nangoja anigombeze.

Wiki iliyopita Ndugu Meneja aliniteua mimi, ndiyo, mimi, nishike nafasi yake. Akanikabidhi fulana na jalada la orodha. Nikasoma majina yote, mia mbili na kumi na manne, nikitafuta la kwake. Halimo. Miaka kumi na tisa aliwahesabu watu, na yeye hakuwa kwenye orodha ya ghorofa yoyote. Mnaelewa? Siku ile, wakati anasukuma maboksi yangu ndani ya moshi, huko nje hesabu ilikuwa imetimia. Tungebaki mle ndani wote wawili, karatasi ingesema hakuna aliyepotea. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, na sioni aibu kulisema. Mama, najua alikuambia siku ile alichelewa kwa sababu ya foleni. Nisamehe. Foleni ilikuwa mimi.

Kwa hiyo nimeliandika jina lake kwa mkono wangu, namba mia mbili na kumi na tano. Na baada ya dakika mbili, kwa ruhusa ya afande na bila ruhusa ya Ndugu Meneja, fundi umeme atapiga kengele. Bwana Ngazi, huvai fulana, huongozi mtu, huchungulii choo. Utateremka umeshika mkono wa mkeo kama mgeni yeyote, usimame juani, nami nitaita majina yote, nikimalizia na lako.

Mama, nakuomba sana, usimwitikie. Nataka nimsikie mwenyewe.

Nawashukuru kwa kunitegea masikio. Sahani ziacheni mezani, tuteremke.