Airflow ya Zamani ya Joram

Benchi yetu iko Kitengela, upande wa soko la mbuzi, mahali barabara ya Namanga inapita karibu mpaka lori likipiga honi kahawa inatingika kikombeni. Imeegemea ukuta wa duka la hardware ambalo mwenyewe alifunga akaenda zake. Keziah anaweka jiko na birika upande mmoja, sisi tunajipanga upande ule mwingine, na katikati kuna nafasi ya mtu mmoja ambayo siku hizi hakuna mtu hukalia, kwa sababu ni ya Joram na Joram ni mgonjwa wa kifua. Mwaka ni elfu mbili na nne. Serikali ilituahidi kazi laki tano kila mwaka, na mimi, mtu wa mechanical engineering, second upper, sijaiona hata ile moja yangu. Wananiita Digrii. Wakilitaja hilo jina utadhani ni ugonjwa.

Siku hiyo mchana hakukuwa na upepo hata kidogo, jambo ambalo Kitengela ni nadra. Moshi wa jiko la Keziah ulipanda wima kama umefungwa kamba. Muteti, mdogo wake Joram, alifika na ile Celica ya kakake ya mwaka wa themanini na tano, milango miwili, rangi imechujuka, gari ambayo mzungu mmoja wa mtaa wa Karen aliiacha akirudi kwao. Alikuwa ametoka kumpeleka Joram na mkewe Nzisa hospitali Kajiado. Akashuka akicheka peke yake, na chini ya kwapa akiwa na kitu kimefungwa kwa karatasi ya unga. Akakiweka katikati ya benchi, pale pa Joram.

Kilikuwa airflow ya zamani. Wasiojua magari niwaeleze, it's the one thing I'm qualified to do in this republic. Airflow ni kasha la alumini, ukubwa wa nusu ya mkate, linakaa kwenye njia ya hewa kuingia kwa injini. Ndani kuna kilango kidogo chenye springi. Injini ikivuta hewa, kilango kinafunguka, na kompyuta ya gari inaangalia kimefunguka kiasi gani ili imwage petroli ya kutosha. Magari ya baadaye yalitupa kilango yakaweka kiwaya chembamba chenye moto. Celica ilikuwa imeanza kukataa vilima, na siku ya kumpeleka mgonjwa haitaki masihara. Kwa hivyo asubuhi hiyo Muteti alikuwa ameng'oa ya kilango akafunga ya waya, aliyotafutiwa na Gakuru, mzee wa kuuza spea kuukuu ambaye hukaa karibu na jiko hata jua likiwaka.

Muteti akatusimulia safari yote, kilima kwa kilima. Alivyolipita lori la ng'ombe hapo Isinya. Alivyolipita basi. Gakuru akaitikia kwa kichwa kama daktari aliyefanya operesheni, akasema gari za sports za zamani zilitengenezwa zikiwa na mapafu makubwa halafu zikafungwa pua na hicho kilango, na yeyote anayetaka performance aanze na airflow.

Nikamwambia hapana.

— Airflow haiongezi hewa, mzee. Inahesabu. Ukibadilisha karani wa stoo, magunia hayaongezeki.

— Na mbona imepanda kilima? Muteti akauliza.

— Kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imejaa vumbi la simiti, kilango kinashika. Ungeiosha tu. Na hiyo ya waya, kama kompyuta haijarekebishwa, inadanganywa. You've put a new clerk who speaks a different language. Itakula petroli mpaka ushangae.

Muteti akasema kama vitabu vyangu vingekuwa na faida, ningekuwa nimeshatengeneza hata baiskeli. Metito akacheka. Huyu tunamwita Ploti, maana aliuza shamba la babake ploti kwa ploti mpaka akabaki na jina tu. Yeye akaleta yake: kwamba sisi wote hatujui kitu, gari ikibeba mgonjwa kila wiki inashika ugonjwa wake, na Muteti alichofanya ni kuipatia kifua kipya. Gakuru akasema hiyo kweli inaingia akilini kuliko maneno ya Digrii. Nikawaambia nchi hii haitasonga mbele. Tukaendelea hivyo, kila mtu akipandisha sauti juu ya mwenzake, mpaka Keziah akasema kwa upole, bila kuinua macho kutoka kwa birika:

— Muteti, hiyo kitu yako inacheza.

Tukaangalia. Kilango kilikuwa kimefunguka nusu. Kikajifunga. Kikafunguka tena.

Gakuru akasema ni upepo wa lori. Hakuna lori lilikuwa limepita, na moshi wa jiko ulikuwa bado wima. Mimi nikasema ni joto la jua, springi inatanuka, ni thermal expansion, nikaitamka kwa sauti ya lecturer, na nikijisikia nikaona hata mimi singejipa maksi. Metito akainama karibu. Akainuka, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

— Sikilizeni inavyoenda, akasema Keziah. Mbili fupi. Inangoja. Halafu moja ndefu.

Hakuhitaji kumaliza. Miaka yote Joram amekaa hapo katikati yetu, na kifua chake kikienda hivyo hivyo: mbili fupi, kimya, moja ndefu yenye mlio mwishoni. Tulikuwa tumeuzoea ule mdundo mpaka hatuusikii, kama mtu anayelala karibu na posho mill inayosaga usiku kucha. Tukibishana naye tulikuwa tunangoja ile ndefu ipite ndio tumjibu. Hakuna aliyetufundisha, ilikuwa heshima yetu kwake. Na sasa, bila mtu kuamua, tulikuwa tumenyamaza sote tukiingojea. Kilango kikafunguka mpaka mwisho, kikakaa hapo, kikarudi polepole.

Muteti akakaa chini, kwenye mchanga, si kwa benchi.

Akatukumbusha kile ambacho sisi sote tumekiona Jumamosi baada ya Jumamosi. Joram hakuwa na compressor ya kupulizia hewa. Vumbi la simiti kutoka Athi River linaingia kila mahali, na yeye alikuwa akiing'oa airflow, anaweka mdomo kwenye shimo lake, anapuliza vumbi litoke. Halafu, ili ajue kilango kinarudi vizuri, anavuta. Mafundi walimwambia atumie brashi na petroli. Alikataa, akasema petroli inaharibu vitu vya ndani, pumzi haiharibu kitu. Anapuliza, anavuta, anafuta mdomo na kitambaa cheupe kwa vumbi, anakuja kunywa kahawa.

— Miaka yote ameipatia pumzi, Metito akasema. Imejua njia.

Gakuru akasema haiwezi. Kisha akasema, pengine ni kinyume: si Joram aliyekuwa anaipa hewa airflow, ni airflow ilikuwa inampa Joram. Kifua cha namna ile kingekuwa kimefunga kitambo. Sisi tulidhani anasafisha gari. Aliyasema haya kwa mzaha, akianza, na mzaha ukamwishia katikati ya sentensi.

— Asubuhi nilipofungua skrubu ya mwisho, Muteti akasema, Joram tayari alikuwa amekaa ndani ya gari. Aliniambia, polepole, ndugu yangu. Nikadhani anaogopa nitavunja plastiki ya plagi yake.

Hapo Gakuru akafanya kile Gakuru hufanya. Ni mtu asiyeamini kitu mpaka akishike. Ndivyo ananunua spea, kwa vidole. Akanyoosha mkono, akaweka kidole cha shahada juu ya kilango, akakifunga.

Nilikuwa nikimwangalia uso. Alianza na tabasamu la kutuonyesha kwamba sisi ni watoto. Tabasamu likabaki bila mwenyewe.

— Inasukuma, akasema.

— Toa kidole, mzee, akasema Muteti.

Hakutoa. Sijui kama ni ubishi au ni mkono ulikataa kumtii. Kilango kilikuwa kikitetemeka chini ya ngozi yake, kidogo tu, kama koo la kuku aliyeshikwa. Halafu kikaacha kutetemeka. Keziah akampiga mkononi na kikombe cha chuma, kahawa ikamwagika juu ya suruali ya Gakuru na hakuisikia. Kidole kikatoka. Kilango kikabaki kimefungwa.

Tukangoja. Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa akibembeleza bei ya beberu. Muteti alikuwa amefumba macho, midomo ikitembea, nadhani alikuwa akiomba. Nilipokuwa nimeshaanza kutafuta la kumwambia, kilango kikafunguka. Ile ndefu. Na mwishoni, naapa kwa hiyo second upper isiyonisaidia kitu, kulikuwa na mlio.

Muteti akatoa simu akampigia Nzisa. Simu ya Nzisa ilikuwa imezimwa. Akainuka, akasema anairudisha kwa gari sasa hivi, anang'oa hiyo ya waya anaitupa. Metito akamshika shati. Akamuuliza, akiirudisha na kuwasha injini, ni nani atakuwa anavuta, ni Joram ama ni injini? Muteti akaketi tena. Kisha wote wakanigeukia.

— Digrii, sema, Gakuru akasema. Hakuwa akinidharau.

Since graduation nimengoja mtu anitazame usoni aniulize swali la engineering. Nilikuwa nimejiandalia majibu ya madaraja, ya pampu, ya boiler. Nikasema tusiiguse. Nikasema tuisogeze tu ikae sawa, isianguke. Tukainuka sote tukaisogeza.

Ndivyo Nzisa alivyotukuta, zaidi ya saa nzima baadaye. Alishuka kwenye basi la kutoka Kajiado na kikapu kitupu, amekuja kuchukua blanketi na chupa ya chai, arudi kabla ya jioni. Metito akamsalimu kwa Kimaasai, sopai mama, naye akajibu epa, akiwa tayari anaangalia kwa nini tumesimama sote wakati benchi iko. Keziah akammiminia kahawa. Nzisa akasema wamemlaza, wamempatia kitanda karibu na dirisha, amekaa wima na mito, analala. Madaktari wanasema watangoja waone. Akazungusha kikombe.

— Ila kabla sijapanda basi kuna mahali pumzi ilikata kabisa, kwa muda kidogo tu. Sista aliweka mkono kwa kifua, hakuna kitu. Nikaanza kumwita. Halafu ikarudi.

Hakuna aliyemwangalia Gakuru. Gakuru alikuwa ameficha mkono kwapani, amejikunja kama mtu mwenye baridi.

Muteti akataka kumweleza, akaanzia mbali, kwa vilima na petroli, lakini Nzisa alikuwa ameshaiona. Akaweka kikombe chini. Akapiga magoti mbele ya benchi na kuleta kiganja karibu na shimo la kasha, bila kugusa, vile mama hufanya kwa mtoto aliyenyamaza sana usingizini. Kilango kikafunguka, kikajifunga. Nzisa amelala kando ya hiyo pumzi ya Joram tangu harusi yao. Hakutuuliza ni nini. Hakulia. Akasikiliza mbili fupi, akangoja, akasikiliza ndefu, kisha akapitisha kidole kando ya kasha, mahali springi imejificha nyuma ya kifuniko, akakuta kutu ya springi imetokeza.

Akamgeukia Gakuru, kwa sababu Gakuru ndiye wa spea. Akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye wa vitabu.

— Hii springi, akasema, huwa inadumu mpaka lini?

Gakuru alitoa mkono kwapani kama anayetaka kuhesabu kwa vidole. Amewaambia watu wote wa Kitengela umri wa kila kitu kinachozunguka chini ya gari, tena kwa kujiamini, hata pale anapodanganya. Ule mkono akaurudisha kwapani. Mimi najua formula. Najua jinsi ya kuhesabu springi inachoka baada ya kufunguka mara ngapi, nimeifanya kwenye mtihani, nikapata. Inahitaji ujue imeshafunguka mara ngapi tayari. Nzisa aliendelea kutuangalia, mmoja baada ya mwingine, kwa subira ya mtu aliye na basi la kuwahi.

Upande wa Athi River lori la simiti lilitokea, turubai imelegea, na nyuma yake vumbi jeupe likiinuka. Nikavua koti langu la interview nikalitanda juu ya kasha kukinga vumbi, si karibu sana, nikiacha nafasi ya hewa.