Mwalimu Naziha Ayari Hajawahi Kukaa Kitini

Kwa hiyo hapana, sikubaliani na wenzangu wa chumba cha walimu wanaosema kwamba sasa, baada ya yote, Mwalimu Naziha atapumzika. Mtu aliyefundisha falsafa miaka thelathini na mmoja katika shule yetu hii ya sekondari, hapa Kef, bila kukaa kitini hata kipindi kimoja, hawezi kupumzika kwa sababu tu wizara imemwandikia kwamba mwisho wake ni leo, tarehe mosi Julai. Wizara inaweza kusimamisha mshahara. Juu ya miguu ya Naziha Ayari haina mamlaka.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ndiye karani wa shule, na kwa sababu zamani nilikuwa mwanafunzi wake. Ipo sababu ya tatu ambayo sikumwambia mkuu wa shule: tangu nilipoolewa mwezi wa Mei nimejaa furaha hadi pomoni, na nisipoandika juu ya mtu ninayempenda nitaandika juu ya Wajdi, mume wangu, na jarida letu la shule halina kurasa za kumtosha.

Alizaliwa Dahmani, binti wa mfanyakazi wa reli. Alisoma Tunis, akafundisha kwanza kusini, Tataouine, ambako anasema alijifunza mambo mawili: kunywa chai nyeusi kama lami, na kunyamaza mpaka mwenzako amalize. Kisha akaletwa kwetu. Walimu wa siku zile wanakumbuka kwamba siku ya kwanza alikisukuma kiti chake nje ya mlango wa darasa, kwa kuwa kilikuwa kinamzuia njia. Kilichukuliwa na mlinzi wa lango, na hakikurudi.

Waliopita mikononi mwake wanalijua somo lake la majira ya baridi, lenye swali moja: haki za mtu zinatoka wapi? Aliligawa darasa katika kona. Kona ya dirishani walisimama wanaosema kwamba Mungu amewatukuza wana wa Adamu, na alichotukuza Mungu hakuna sultani wa kukivua. Kona ya ubaoni, wanaosema kwamba akili yenyewe inamkataza mtu kumfanya mwenzake chombo. Kona ya mlangoni, wanaosema kwamba haki ni mapatano tu waliyoyafikia watu baada ya kuona katika vita mambo wanayoweza kutendeana, na kinachopatanwa kinaweza kuvunjwa, kwa hiyo tusilale. Kila mtu akishapata kona aipendayo na kuanza kujisikia yuko nyumbani, Mwalimu anapiga makofi. "Haya, hameni! Kila mmoja aende kona asiyoipenda, akaitetee!" Kelele zake zilisikika hadi ofisini kwetu.

Na kulikuwa na sheria yake, ambayo ndiyo alama yake duniani. Huruhusiwi kuipinga rai ya mwenzako mpaka kwanza uiseme wewe mwenyewe, vizuri, hadi mwenye rai akubali kwa maneno haya: "Ndiyo, hivyo ndivyo." Ukiipotosha, unarudia. Ukiifanyia mzaha, unarudia umesimama.

Nitasema jambo, na Wajdi akinuna atanisamehe. Mwaka wetu wa mwisho mimi nilishikilia kwamba haki bila wajibu ni utovu wa adabu, ndivyo mama alivyonilea. Kijana mrefu wa benchi la nyuma alitaka kunipinga. Alijaribu mara ya kwanza, nikasema sivyo. Mara ya pili, sivyo. Mara ya tatu akasema: "Huyu dada haogopi haki. Anaogopa watu watakaoidai wakiwa wameshiba, na kumwachia mama yake vyombo." Nilisema, "Ndiyo, hivyo ndivyo," na sikusikia tena alivyonipinga. Wasichana, niwaambieni ukweli: waridi hunyauka, lakini mtu aliyewahi kuisema rai yako vizuri kuliko ulivyoisema wewe, utamtafuta mji mzima. Mimi nimeolewa naye.

Sheria hiyo iliwahusu wote. Katika miaka ya utawala wa zamani alikuja bwana mmoja wa koti la ngozi, akaketi nyuma ya darasa, akasema yeye ni mkaguzi wa masomo. Hakuna aliyeamini; makoti yale watu waliyajua ni ya polisi wa siri. Mwalimu alimkaribisha, na somo lilipochemka akamwelekezea kidole: "Na wewe ndugu yetu mgeni, mweleze mwenzako hapa anachoamini, mpaka akubali." Bwana yule alitoa jasho dirisha likiwa wazi. Alikuja wiki iliyofuata pia, na iliyofuata tena, na wanasema mara ya mwisho aliomba abaki hadi kengele ilie.

Baba mmoja naye, muuza vitunguu, aliwahi kupanda ngazi zetu akifoka, ingawa heshima ya Lalla, yaani Bibi, hakuisahau. "Lalla Naziha, binti yangu amekataa kuosha sahani! Anasema umemwambia ana haki!"

"Na kaka yake je, huwa anaosha?"

"Kaka yake ni mwanamume!"

"Basi rudi nyumbani, Hajj, umuulize binti yako anasema nini hasa. Ukiweza kunirudia hapa uniambie maneno yake bila kupaaza sauti, nitakwenda kuziosha mimi."

Hakurudi. Siku ya soko alimtumia kapu la vitunguu, bila salamu.

Sasa nafika kwenye jambo la mwaka huu. Nilishauriwa niliruke jambo hili, kwa kuwa wasifu ni wa sherehe. Lakini bila hili Mwalimu atakuwa amestaafu nusu.

Mwaka huu wa masomo tulikuwa na mwanafunzi wa fasihi anayeitwa Ibtihel. Kaka yake, Nizar, aliondoka na mashua kutoka pwani ya Sfax msimu wa vuli, akielekea Italia, na hadi leo hakuna simu wala maiti. Wiki moja ya Aprili Mwalimu alikuwa akifundisha kwamba kila mtu ana haki ya kutoka nchini mwake. Ibtihel aliuliza: "Na nani ana wajibu wa kumfungulia huko aendako?" Mwalimu alitembea darasa zima, akarudi, akatembea tena. Kengele ikalia. "Nitakujibu wiki ijayo, binti yangu." Wiki iliyofuata marudio ya mitihani yakaanza, na swali likapita.

Asubuhi moja ya Mei tuliukuta ukuta wa nje umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kuliko mtu: NAZIHA ANATUUZIA MANENO. KAKA YANGU YUKO WAPI?

Hakukuwa na haja ya kumtafuta mwandishi. Bwana Mongi, au Si Mongi kama tunavyomwita kwa heshima, mkuu wetu wa shule, aliita baraza la nidhamu. Shtaka: kumtusi mwalimu na kuharibu mali ya shule. Adhabu iliyotajwa tangu mwanzo ilikuwa kufukuzwa, wiki chache kabla ya mtihani wa mwisho. Kwa nyumba ile, iliyokwisha kupoteza mtoto mmoja, huyo angekuwa wa pili.

Na Si Mongi, Mungu amhifadhi, alipanga baraza Ijumaa saa nane mchana, siku ambayo saa kumi mimi nilitakiwa manispaa kutia saini mkataba wa ndoa yangu. Mwandishi wa kumbukumbu za baraza ni mimi. Shahidi wangu wa ndoa alikuwa Mwalimu Naziha. Baadaye Si Mongi alikiri mwenyewe, akicheka, kwamba aliipanga hivyo makusudi: aliona bibi harusi na shahidi wake wakiwa na haraka, kikao kitakwisha kabla kahawa haijapoa. Alimjua Naziha miaka yote ile, na bado alifanya kosa hilo.

Niliingia na hina mikononi, joho la kazi juu ya gauni jeupe. Ibtihel alisimama karibu na mlango na mama yake. Si Mongi alisoma shtaka na kusema, "Tupige kura, jamani, kuna harusi."

Mwalimu Naziha, aliyekuwa dirishani, akageuka. "Kabla ya kura, kila mjumbe aseme huyu binti alimaanisha nini. Na yeye akubali."

"Lalla, wewe ndiye uliyetukanwa!"

"Ndiyo maana nataka kujua nilitukanwa nini."

Akaanza Lalla Bchira, mwakilishi wa wazazi. "Alimaanisha kwamba hana adabu wala shukrani."

Ibtihel akatikisa kichwa. Si Mongi akajaribu: "Anasema falsafa ni kupoteza wakati, tufundishe hesabu."

"Sivyo," alisema msichana.

Mwalimu wa historia alisema anaona ni siasa za mitandao. Sivyo. Lalla Bchira akadai nafasi ya pili, akasema ni huzuni tu, si kitu cha kujadili. Msichana akasema kwa sauti ndogo, "Huzuni ninayo, lakini sivyo." Simu yangu ilikuwa ikitetemeka mezani kama nyuki kwenye kikombe. Wajdi. Wajdi. Mama mkwe. Wajdi. Nilitaka kulia, na nilitaka kujua, na sijui kipi nilikitaka zaidi.

"Haki ni za wenye adabu!" Si Mongi alipiga meza. "Kwanza adabu, haki baadaye!"

"Basi si haki hizo, Mongi," Naziha alisema. "Hiyo ni peremende. Mtoto akitulia unampa."

Ndipo Si Lamjed, mwalimu wa michezo, ambaye huja barazani kulala, akainua mkono. Aliongea akitazama viatu vyake. "Nadhani anasema hivi. Mmenifundisha kwamba ndugu yangu ana haki. Nimeamini. Sasa nionyesheni mlango wa kubisha. Kama hakuna mlango, mlinifundisha nini?"

Ibtihel aliuma mdomo. "Ndiyo," alisema. "Hivyo ndivyo."

Na hapo, mbele ya macho yetu wote, Mwalimu Naziha alivuta kiti akakaa.

Aliweka mikono magotini. Kisha akasema, na niliandika neno kwa neno, hina ikipaka karatasi: "Sina jibu. Nimelitafuta tangu aulize. Wapo wanaosema mlango utajengwa tukipiga kelele za kutosha, wapo wanaosema haki isiyo na wa kuilipa ni dua tu, na usiku nawasikia wote wawili. Niliahidi kujibu, nikajificha nyuma ya marudio. Lakini asiye na jibu hamfukuzi aliyeuliza. Mkimfukuza, nifukuzeni na mimi, bado mna wiki nane za kunifukuza."

Kura zilipigwa. Siku tatu nje ya darasa, na ukuta apake mwenyewe. Si Mongi alitia saini akinung'unika kwamba maisha yake yote hajaona mlalamikaji akishinda kwa kushindwa. Mwalimu aliitazama familia ile ikitoka. Ibtihel hakusema asante, wala hakuomba radhi. Mama yake alimvuta mkono, "Sema neno, we!" Naziha akasema tu, "Mwache. Hakuja kununua kitu hapa."

Tulikimbia mteremko wote hadi manispaa, yeye mbele, mimi nimeshika viatu mkononi. Mama mkwe alikuwa mlangoni. "Tumeoa bibi harusi au hakimu?" Ofisa alikuwa ameshawafungisha wawili waliokuwa nyuma yetu. Akatuuliza kwa uchovu swali ambalo kwetu watu huinamisha kichwa wakiulizwa: mali iwe ya pamoja, au kila mtu na chake? Mashangazi wakakohoa. Wajdi wangu hakuinamisha kichwa. "Kwanza nimuulize yeye anatakaje," alisema, "halafu nitakwambia kama nimemwelewa." Naziha Ayari, shahidi, aligeukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa akicheka.

Mnaomtakia utulivu, basi, mjue mnamtakia kitu asichokitumia. Wiki iliyopita nilimkuta ghalani akipekua masanduku ya vitabu, anasema anataka kusoma upya kila alichofundisha juu ya wageni na milango, "maana kwa miaka thelathini na mmoja nimewapa watoto nusu ya hoja." Nikamwambia, Mwalimu, umetupa zaidi ya nusu. Akaniambia sivyo, sikumwelewa, nirudie.

Shule inakushukuru, Mwalimu. Wanafunzi wako wamekuwa mahakimu, wauguzi, waoka mikate, mmoja yuko gerezani na hukuacha kumtembelea. Umetufundisha kwamba mtu hapewi utu wake na mwingine, kwa hiyo hatuna wa kumpigia magoti, na hatuna wa kumpigisha. Siku zako huko Dahmani unakorudi ziwe njema, afya yako iwe ya kutembea, na majirani wako Mungu awape subira.

Ibtihel alifanya mtihani wake. Duru ya kwanza alikosa kidogo, sasa amemaliza duru ya marudio, na matokeo yatabandikwa wiki ijayo. Silali vizuri, na najua nawe hulali. Lakini kabla mwezi huu haujaisha, mimi na Wajdi tutakuja Dahmani, matokeo yawe yoyote, tukiwa na sufuria ya borzgen, kuskusi yetu ya Kef yenye nyama na tende, atakayoipika mama mkwe. Jana Ibtihel alipita ofisini. Aliuliza kama gari letu lina nafasi ya mtu mmoja nyuma. Hakusema anakuja kufanya nini, nami sikumuuliza. Nilimwambia ipo.