Shangazi Ukuta na Njia ya Sita

Ijumaa, tarehe thelathini Juni, saa kumi kamili alasiri, mtunza muda mkuu wa bwawa letu atarudisha stopwochi yake stoo, atasaini daftari la vifaa, na kwenda zake nyumbani. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Kamati ya jarida la wafanyakazi imenipa mimi, fundi wa maji, kazi ya kuandika wasifu wake, na nimeonywa nisizidishe kurasa wala mzaha. Kuhusu kurasa nitajitahidi.

Jina lake kamili liko kwenye barua ya ajira, lakini sidhani kama hapa kazini wanaolijua wanazidi watatu. Kwetu sote ni Shangazi. Waogeleaji wakaongeza la pili, wakamwita Shangazi Ukuta. Sababu ya jina hilo nitaieleza, maana habari yenyewe iko hapo.

Aliajiriwa kupokea viatu. Siku zile waogaji waliacha viatu vyao dirishani wakapewa kibati chenye namba, na Shangazi alikaa dirisha lile miaka miwili bila mtu yeyote kutoka na kiatu cha mwenzake. Ilibaki kandambili moja tu ya kijani, ya mguu wa kushoto, ambayo mwenyewe hakuirudia. Shangazi aliitunza miaka kumi na moja, akishikilia kwamba hakuna binadamu anayetembea mguu mmoja peku asikumbuke. Mkurugenzi wa wakati huo aliitupa wakati Shangazi yuko likizo. Aliporudi, wawili hao walinuniana karibu mwaka mzima.

Kwenye mashindano fulani ya shule mtunza muda mmoja hakutokea, na Shangazi akaombwa ashike stopwochi kwa dakika kumi tu. Hizo dakika kumi ndizo zinazoisha Ijumaa.

Wageni hushangaa wakisikia kwamba hajui kuogelea. Maji yakimfika magotini anaanza kuulizia taulo. Mabingwa wasiopungua watatu wamejitolea kumfundisha bure, na wote amewajibu kwamba yeye analipwa kukaa nchi kavu na hataki kumwibia mwajiri.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa wenzetu wa ofisini ambao hudhani mtunza muda ni mtazamaji aliyepewa kiti kizuri. Mtunza muda husimama mwisho wa njia yake. Taa ya kuanzia ikiwaka upande wa pili wa bwawa, anabonyeza. Hapo hapo anainama na kuukazia macho ukuta ulio chini ya miguu yake, mpaka mkono wa mwogeleaji uguse, ndipo abonyeze tena. Basi. Mbio zenyewe hazioni. Katika mita hamsini za wanawake, mtindo huru, sekunde ni kama ishirini na tano, na humo ndani ni kishindo, povu na makelele ya jukwaani yanayokuvuta shingo. Watunza muda wengi huibia kidogo. Unainua jicho mara moja uone nani kaongoza, na ukilirudisha mkono umeshagusa zamani. Shangazi haibii. Katika miaka yote hii hajaona hata mbio moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anachokijua ni ukuta.

Mumewe, ambaye sisi humwita Shemeji, fundi cherehani aliyetushonea suruali nyeupe za waamuzi, alikuwa na desturi ya kumuuliza kila jioni ya mashindano nani ameshinda. Shangazi alimjibu kwa dhati kwamba njia ya tano imepata ishirini na sita na nukta kumi na mbili. Mzee wa watu alitaka kujua kama binti alifurahi, alilia, alikumbatiwa na nani. Baada ya miaka kadhaa alichoka, akaanza kununua gazeti.

Ana sheria moja ambayo kila aliyefundishwa naye anaweza kuisema usingizini: andika kwanza, ndipo uinue kichwa. Maana yake ni kwamba stopwochi ikisimama, unaandika ulichokiona kwenye karatasi yako kabla ya kutazama ubao wa matokeo. Sheria hii hakuisoma mahali. Katika mwaka wake wa tatu, enzi za ubao wa chaki, stopwochi yake ilisema kitu kimoja na ubao ukasema kingine. Akadhani kidole chake ndicho kilichokosea, akafuta, akaandika cha ubaoni. Wiki iliyofuata ikabainika kwamba ubao ndio uliokosea, na mtoto mmoja wa shule alikuwa ameshapanda basi kurudi kwao bila medali yake. Shangazi alinisimulia habari hiyo mara moja tu. Karatasi ile yenye kufutwafutwa bado anayo kwenye mkoba.

Nafika kwenye siku ambayo wengi wenu mnaikumbuka kwa sehemu. Ni miaka tisa sasa tangu mashindano ya kimataifa yaliyofanyika hapa kwetu. Mmekuwa mkisikia kwamba siku ile kulitokea hitilafu ya mitambo. Kwa ridhaa ya Shangazi, na nikiwa nimeshamweleza mkurugenzi siku ileile, leo naandika wazi: mitambo haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa mimi.

Kwenye ukuta wa kumalizia tunaning'iniza mabamba ya njano, moja kila njia. Mwogeleaji akiligusa, saa ya umeme inasimama na muda wake unatokea ubaoni. Mchana ule, baada ya michujo ya asubuhi, niliyatoa mabamba ya njia ya tatu na ya sita nikayasugua, kwa kuwa yalikuwa yameota utelezi. Nikayarudisha, nikachomeka nyaya zake. Desturi yetu ni kwamba mmoja anabonyeza bamba na mwenzake anasimama mbele ya ubao akiita namba ya njia iliyowaka. Mwitaji wangu siku zote alikuwa Shangazi. Lakini mchana ule aliitwa ofisini kwa mkurugenzi, akaelezwa kwamba mashindano hayo yakiisha stopwochi za mkono zitaondolewa, kwa sababu umeme unatosha, na yeye atahamishiwa chumba cha taulo. Huku nyuma nikabonyeza peke yangu. Taa nane zikawaka ubaoni, nikazihesabu, zikatimia nane, nikaenda kunywa chai. Sikutazama ipi iliwaka kwa bamba lipi.

Mbio za kwanza jioni ile zilikuwa fainali ya wanawake, mita hamsini, mtindo huru. Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Njia ya nne alikuwa yule bingwa ambaye picha yake ilikuwa imebandikwa mlangoni. Njia ya sita alikuwa dada mmoja mwembamba, mwuguzi kwao, ambaye alikuwa ameomba likizo ili aje. Kocha wake ndiye kaka yake, na walikuja wawili tu. Njia ya tatu alikuwa mwanafunzi wa chuo. Shangazi alisimama njia ya sita akiwa na watunza muda wawili chini yake, saa tatu mikononi mwa watu watatu, kama kanuni inavyotaka.

Taa ikawaka. Mimi niliziona mbio zote, ningekuwa mwongo nikikataa. Palikuwa na povu kutoka ukuta hadi ukuta, na wanne walifika pamoja kiasi kwamba sikuweza kusema nani katangulia. Ubao ukawaka: njia ya tatu, wa kwanza, ishirini na nne na nukta arobaini. Njia ya sita alikuwa wa nne. Jukwaa likalipuka. Nilimwona yule mwuguzi akitazama ubao, akatazama ukuta, kisha akatia uso majini na kukaa humo kwa muda.

Shangazi alikuwa bado ameinama, anaandika. Nukta arobaini na moja. Akawauliza wenzake wawili, nao walikuwa wameandika nukta thelathini na nane na nukta arobaini na tatu. Ndipo akainua kichwa. Ubao ulimpa mwogeleaji wake nukta sabini na nne. Saa tatu zilizoshikwa na watu watatu haziwezi kukosea kwa kiasi kilekile.

Kule njia ya tatu, baadaye tuligundua, mmoja alisahau kubonyeza kwa kushangilia, wa pili alibonyeza akiwa ameruka hewani kwa shangwe, na wa tatu alipata muda sahihi, akautazama ubao, akaukata mstari wake na kunakili cha ubaoni. Simcheki. Mbele ya ubao mkubwa ule, mtu hushuku kidole chake kwanza.

Mwamuzi mkuu, mgeni mpole mwenye miwani, akaletewa fomu. Saini zote zilikuwepo isipokuwa ya njia ya sita. Mkurugenzi wetu akaja mbio kwa viatu vya ngozi kwenye vigae vilivyolowa, akashikilia reli. Alimwambia Shangazi kwa sauti ya chini kwamba televisheni inasubiri, jukwaa la medali limeshawekwa, na kwamba mtu ambaye hata mbio hakuziona hawezi kubishana na mtambo. Shangazi alijibu kwamba ni kweli hakuziona, na ndiyo maana hajui nani ameshinda wala halimhusu. Anajua tu kwamba mkono wa njia ya sita uligusa ukuta kwenye nukta arobaini na moja, na hilo hawezi kusaini vingine. Akaongeza kwamba kama ni chumba cha taulo, atakwenda hata kesho.

Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yao. Nilikumbuka chai yangu. Nikajua. Naomba niseme ukweli kwamba kwa muda wa kama kupumua mara tatu nilifikiria kunyamaza. Ningenyamaza, yule dada angerudi wodini kwake na nafasi ya nne, na mimi ningebaki na kazi yangu. Kisha nikautazama mgongo wa Shangazi, ulivyosimama pale peke yake na karatasi yake, nikaona haya. Nikamwambia mwamuzi mkuu kwamba naomba kubonyeza bamba la njia ya sita.

Nilipiga magoti ukingoni, nikalibonyeza kwa kiganja. Ubaoni ikawaka njia ya tatu. Nikaenda kubonyeza la tatu, ikawaka ya sita. Maji yalikuwa yakinidondoka mikononi. Mwamuzi mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniomba nirudie. Nikarudia.

Ilichukua robo saa kurekebisha matokeo. Mwuguzi alikuwa wa kwanza, bingwa wa picha ya mlangoni akawa wa pili. Kaka wa mwuguzi alikaa chini sakafuni pale pale na suruali yake ikalowa. Na yule mwanafunzi wa njia ya tatu, ambaye wote tulikuwa tunaogopa kumtazama, alikuja mwenyewe hadi kwa Shangazi, akamshukuru. Alisema tangu ubao uwake alikuwa hajielewi, kwa sababu karibu na ukuta alikuwa ameona miguu ya mtu mbele yake, na hakujua angeishije na medali ile. Alisema anajisikia mwepesi. Mimi pia nilikuwa mwepesi, ingawa nilikuwa nasubiri kufukuzwa.

Sikufukuzwa. Nilikwenda kwa mkurugenzi nikamweleza lote, na nikakuta Shangazi ameshanitangulia. Katika ripoti yake alikuwa ameandika kwamba nyaya mbili zilibadilishana, na kwamba jaribio lilifanywa bila mwitaji kwa sababu mwitaji alikuwa ameitwa kikaoni. Mkurugenzi alilisoma hilo la kikao mara mbili. Nilikatwa likizo ya mwaka ule, na stopwochi hazikuondolewa. Suala la chumba cha taulo halikutajwa tena. Nilipotoka nje siku ile nilikaa kwenye ngazi za nyuma na kushusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu saa ya chai.

Tangu hapo hakuna mashindano yanayoanza hapa kabla watu wawili hawajayapitia mabamba yote, mmoja akibonyeza na mwingine akiita. Shangazi amefundisha watunza muda zaidi ya sitini, na wengine sasa wako kwenye mabwawa ya mbali. Mwuguzi yule hutuma kadi kila mwaka. Imeandikwa kwa anwani ya bwawa, kwa Mama wa Njia ya Sita, na haijawahi kupotea.

Mwezi ujao mashindano yaleyale yanarudi kwetu. Sisi wafanyakazi tumekuandalia viti viwili, Shangazi, kimoja chako na kimoja cha Shemeji, safu ya nne, mkabala na mita kumi za mwisho. Fainali ya wanawake, mita hamsini, ni saa kumi na mbili jioni. Mtunza muda wa njia ya sita atakuwa binti uliyemfundisha wewe, na mwitaji wa mabamba amepatikana. Hutashika chochote mkononi. Shemeji akikuuliza nani ameshinda, safari hii utamjibu.

Tunakushukuru kwa miaka thelathini na mitatu. Mimi nakushukuru kwa jioni moja zaidi ya wenzangu. Tunakuombea afya, usingizi mnono, na siku ndefu zisizopimwa na saa. Umeshaandika, Shangazi. Inua kichwa.